MAJI MACHAFU HUTOKA WAPI, NA HUFIKAJE KIKOMBENI?



Katika karatasi hii tunapenda kuzungumza juu ya jambo linalogusa kila nyumba ya kambi, nalo ni maji. Juu ya uhaba wa maji tumekwisha kuzungumza mara nyingi. Leo tutazungumza juu ya uchafu wa maji: unatoka wapi, unaingia namna gani, na nani anaweza kuuzuia. Mimi ni mhamasishaji wa usafi tu, mkimbizi kama ninyi. Nimesoma sekondari, sikusomea udaktari. Nitaandika niliyofundishwa na niliyoyaona kwa macho yangu, na wazee watanisamehe kama kijana anasema mambo ambayo wao wameyajua zamani.

Ninaandika haya nikiwa Kigali, ambako wahamasishaji wachache tuliitwa kwa mafunzo ya siku chache. Siku ya pili tulipelekwa Nyabugogo, karibu na kituo cha mabasi ambacho wengi wenu mnakifahamu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Tulisimama kando ya mfereji mkubwa wa Mpazi, ambao Wanyarwanda huuita ruhurura. Maji yalikuwa yakishuka kwa nguvu kutoka upande wa Nyamirambo na Kimisagara, rangi yake kama chai ya maziwa. Juu yake zilielea chupa za plastiki, majani ya migomba, kandambili moja, na povu la sabuni.

Mwenzangu mmoja akauliza, "Haya yote yanakwenda wapi?" Mwalimu wetu naye akamwuliza, "Wewe unakaa kambi gani?" Akajibu, "Mahama." Mwalimu akasema, "Basi yanakuja kwenu."

Tulicheka, lakini yeye hakuwa akitania.

SAFARI YA MAJI

Hebu tufuate maji hayo. Mfereji wa Mpazi unaingia katika mto Nyabugogo, ambao unatoka ziwa Muhazi. Nyabugogo unaingia katika Nyabarongo, magharibi ya mji wa Kigali. Nyabarongo unazunguka mji, unapita Bugesera, unapokea mto Akanyaru, na ukifika karibu na ziwa Rweru, kwenye mpaka wa Burundi, unabadilisha jina na kuwa Akagera. Akagera unapokea Ruvubu kutoka Burundi, unaanguka kwenye maporomoko ya Rusumo, kisha unaelekea kaskazini ukiwa mpaka kati ya Rwanda na Tanzania. Hapo ndipo unapita karibu na kambi ya Mahama. Kambi hiyo ilipofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, maji yake yalivutwa kwa pampu kutoka Akagera na kusafishwa kabla ya kugawiwa.

Mto hauishii hapo. Akagera unaingia ziwa Viktoria, na kutoka ziwa hilo maji yanafuata mto Nile hadi Misri. Kwa hiyo aliye Kigali yuko juu yetu, na sisi tuko juu ya wengine. Mvuvi wa ziwani anaweza kuuliza juu yetu swali lile lile tulilouliza pale Nyabugogo.

Tusiseme uongo lakini. Si kila kijidudu kinachotoka Kigali kinafika Mahama. Njia ni ndefu. Jua, muda, na vinamasi vya njiani huua vingi. Kinachofika kwa wingi ni udongo. Hata hivyo tusifarijike upesi, kwa sababu uchafu wa hatari zaidi hausafiri mbali. Unatoka karibu sana, kama tutakavyoona.

NI NINI KINACHOCHAFUA MAJI?

Sababu ni nyingi, lakini tunaweza kuzigawa katika mafungu matano.

1. Kinyesi cha watu na wanyama. Hiki ndicho cha kwanza kwa hatari. Kinyesi kinabeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, na mayai ya minyoo. Mvua ikipita juu ya kinyesi kilichoachwa porini, au choo kikijaa na kufurika, vijidudu huingia mtoni. Choo kilichochimbwa karibu na kisima kinaweza kukichafua chini kwa chini, bila mtu kuona. Ndiyo maana mafundi wanataka choo kiwe mbali na kisima angalau mita 30.

2. Udongo. Rwanda ni nchi ya milima. Mlima ukilimwa bila matuta, au miti ikikatwa, mvua huchukua udongo na kuushusha bondeni. Ndiyo sababu Nyabarongo una rangi nyekundu ya kahawia. Uchimbaji wa madini kwenye milima inayomwaga maji yake huko nao huongeza udongo. Waliokaa Gihembe, kabla kambi hiyo haijafungwa mwaka 2021, wanakumbuka jinsi mvua ilivyokata makorongo makubwa kando ya nyumba. Udongo ule haukupotea, uliingia kwenye mito. Udongo wenyewe hauui mtu, lakini vijidudu hujificha ndani yake, na dawa ya kusafisha maji hushindwa kufanya kazi vizuri.

3. Takataka. Chupa, nguo chakavu, maganda na plastiki huziba mifereji. Mfereji ukiziba, maji hufurika, huingia vyooni na majumbani, na kuchanganya yote.

4. Mafuta na madawa ya viwandani. Oili chafu ya gereji, maji ya betri, rangi, na maji machafu ya viwanda. Vitu hivi haviishi kwa kuchemsha maji. Ukichemsha, vijidudu vinakufa, lakini sumu ya betri inabaki palepale.

5. Mbolea na dawa za kuua wadudu mashambani. Mbolea ikiingia ziwani au mtoni hulisha magugu-maji, yale majani mapana yenye ua la zambarau. Magugu hayo hufunika maji, samaki hukosa hewa, na mitumbwi hushindwa kupita. Akagera umekuwa ukiyabeba magugu haya hadi ziwa Viktoria.

MAJI MEUPE SI LAZIMA YAWE SAFI

Hapa ningependa tutulie kidogo, maana kosa kubwa liko hapa. Wengi wetu tunayapima maji kwa macho. Yakiwa na tope tunasema ni machafu, yakiwa meupe tunasema ni safi. Lakini kijidudu cha kipindupindu hakionekani kwa macho. Kinaweza kukaa katika maji meupe kama kioo, yasiyo na harufu wala ladha.

Jambo hili lilionekana kwa uchungu mwezi Julai mwaka 1994, pale Goma. Kwa siku chache tu, kati ya watu laki tano na laki nane walivuka mpaka kutoka Rwanda. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, choo hakichimbiki. Watu walijisaidia popote walipokuwa, na ziwa Kivu lilikuwa karibu, maji yake mazuri ya kutazama. Watu wakateka, wakanywa. Katika mwezi wa kwanza peke yake, karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Bibi yangu alikuwa akiishi upande ule wakati huo. Mpaka leo hapendi kusimulia. Husema tu kwamba watu walikufa kwa kiu na maji yakiwa mbele yao, kwa sababu anayehara hukauka mwili, na maji waliyokuwa wakinywa yalizidisha ugonjwa.

Baada ya Goma mashirika ya misaada yalijifunza mengi. Tangu mwaka 1997 yalianza kuandika vipimo ambavyo vinafuatwa mpaka sasa. Mtu mmoja apate si chini ya lita 15 za maji kwa siku, na UNHCR inalenga lita 20. Choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Maji ya bomba yawe na klorini iliyobaki ndani yake. Vipimo hivi havikutoka ofisini, vilitoka kwenye makaburi. Tuvijue, ili tujue pia la kudai.

KIGALI WANAFANYA NINI?

Kuzuia uchafu kuna njia mbili: kuuzuia usiingie majini, na kuutoa ukishaingia. Kigali wanafanya zote mbili, ingawa kazi haijaisha.

Kwanza, sheria. Mwaka 2008 Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na mwaka 2019 ikaongeza vitu vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Pili, umuganda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wananchi hutoka kufagia, kuzibua mifereji, kupanda miti na kuchimba matuta ya kuzuia udongo. Tukiona umuganda kama adhabu, tukumbuke kwamba mfereji uliozibuliwa Jumamosi ndio utakaookoa nyumba mvua ikija Jumatatu.

Tatu, vinamasi, yaani ibishanga. Zamani watu walikiona kinamasi kama mahali pa mbu na pa kutupa takataka. Gikondo viwanda vilijengwa ndani ya kinamasi chenyewe, na maji yao yakaingia humo. Katika miaka ya 2010 viwanda vilihamishwa, vingi vikapelekwa eneo la viwanda la Masoro. Huko Nyandungu kinamasi cha hekta zaidi ya 120 kilitengenezwa upya, kikafunguliwa mwaka 2022 kuwa bustani ya watu kutembea.

Kwa nini kujisumbua na kinamasi? Kwa sababu kinamasi ni kichujio. Maji yakiingia kwa kasi, mafunjo na majani huyapunguza mwendo. Maji yakienda polepole, udongo hutua chini. Mizizi hunyonya mbolea, na vijidudu vingi hufa kwa muda na jua. Ni kama mama anayechuja unga wa uji kwa kitambaa. Lakini kitambaa kikijaa hakichuji tena. Vivyo hivyo kinamasi kikilimwa chote, au kikimwagiwa uchafu kupita kiasi, kinashindwa.

Nne, mitambo ya kusafisha maji. Kigali inapata maji yake kwenye mitambo kadhaa, kama ule wa Nzove kando ya Nyabarongo. Mtambo wa kijiji au wa kambi ni mdogo kuliko huo, lakini hatua ni zile zile:

a) Maji yanavutwa kwa pampu na kuwekwa kwenye tangi.

b) Yanatiwa dawa inayofanana na shabu. Dawa hii hukusanya chembe ndogo za udongo zishikamane na kuwa vipande vizito.

c) Maji yanaachwa yatulie, vipande vinazama chini.

d) Maji ya juu yanapitishwa kwenye mchanga ili yachujwe.

e) Mwisho yanatiwa klorini, inayoua vijidudu. Inahitaji nusu saa ifanye kazi. Sehemu kidogo ya klorini inaachwa makusudi ibaki ndani ya maji, ili iyalinde njiani.

Sasa mnaona kwa nini udongo ni adui. Mvua kubwa ikinyesha mto unajaa tope, dawa nyingi zaidi inatumika, na mtambo unafanya kazi polepole. Ndiyo sababu moja ya bomba kutoa maji machache wakati wa masika, hata kama mvua inanyesha usiku kucha.

UCHAFU WA NJIANI: KUTOKA BOMBANI HADI KIKOMBENI

Sasa nitasimulia jambo lililotokea nyumbani kwetu, na sitamlaumu mtu mwingine.

Wakati wa mvua za mwaka jana mtoto wa mama yangu mdogo alianza kuhara. Alikuwa na miaka miwili. Siku ya kwanza tukasema ni meno. Siku ya pili macho yakazama, akalia bila machozi, na ukimfinya ngozi ya tumbo haikurudi upesi. Tukamkimbiza kituo cha afya, akatiwa maji ya mshipa, na Mungu akamponya.

Majirani wakaanza kusema. Mmoja alisema maji ya bomba yameletwa na magonjwa ya mjini. Mwingine alisema tunawekewa sumu. Mimi nilikuwa na kile kifaa chetu cha kupimia klorini: unaweka maji kidogo, unatia kidonge, na klorini ikiwapo maji yanageuka rangi ya waridi. Nikapima bombani mbele yao wote. Yakawa ya waridi. Nikapima maji ya jerikani letu, yaliyotekwa jana yake katika bomba hilo hilo. Yakabaki meupe. Hakuna klorini hata kidogo.

Nikamulika tochi ndani ya jerikani. Lilikuwa na utando wa kijani kwenye kuta zote. Kifuniko kilipotea siku nyingi, tulikuwa tukiziba kwa gunzi la muhindi. Na kikombe cha kutekea kilikuwa chini, watoto wakichezea. Maji yalitoka safi bombani, sisi wenyewe tukayachafua. Na mimi ndiye mhamasishaji wa usafi! Niliona haya siku ile, na ninaandika haya ili nyumba nyingine isione haya kama yetu, au isione kilio.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, walikokaa wakimbizi wa Msumbiji, wataalamu walizigawia baadhi ya nyumba ndoo zenye kifuniko na mdomo mwembamba wa kumimina. Nyumba nyingine ziliendelea na ndoo za wazi. Waliona kwamba maji yalichafuka hasa kwa mikono ya watu waliokuwa wakichota. Katika nyumba zenye ndoo za kufunika, kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulipungua kwa karibu theluthi moja. Maji yalikuwa yale yale, kambi ile ile. Kilichobadilika ni ndoo tu.

TUFANYE NINI?

Nyumbani:

- Safisha jerikani kila wiki. Tia mchanga au kokoto ndogo, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha suuza mara mbili. Chungulia ndani: ukiona kijani, rudia.

- Jerikani liwe na kifuniko. Kilichopotea kitafutiwe kingine, gunzi na majani si kifuniko.

- Mimina maji, usichote. Kama ni lazima kuchota, tumia kata yenye mpini mrefu, na uitundike ukutani.

- Tenga jerikani la kunywa na la kufulia. Lililobeba mafuta ya taa au dawa ya shamba lisiwekwe maji ya kunywa kamwe.

- Kunywa maji ya leo. Klorini hupungua kila saa inayopita, na hupungua upesi zaidi katika chombo kichafu.

- Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Sabuni ikikosekana, jivu linasaidia.

Kwenye bomba:

- Usifue wala kuosha vyombo chini ya bomba. Maji yanayotuama hapo huzaa tope, na tope hupanda kwenye jerikani.

- Usivute maji kwa mdomo kwenye mpira, na mdomo wa bomba usiguswe kwa mikono.

- Mfereji wa kuondoa maji uzibuliwe kwa zamu. Nyumba tano zikishirikiana, kazi hiyo haizidi nusu saa.

Chooni na kijijini:

- Choo kifunikwe na kifagiliwe. Kikikaribia kujaa, kamati ya usafi iambiwe kabla hakijafurika.

- Takataka zipelekwe shimoni, si kwenye mfereji. Betri za redio na tochi zisitupwe chooni wala mtoni. Ziwekwe pamoja na kukabidhiwa wanaokusanya taka.

- Nyumba ikiwa kwenye mteremko, panda majani kando ya mfereji ili udongo usichukuliwe.

Najua si kila kitu kiko mikononi mwetu. Sabuni haitoshi, vyoo vinajaa, na mara nyingine foleni ya maji ni ndefu mpaka watoto wanachelewa shule. Hatuwezi kumwambia mtu "nawa mikono" bila kumwuliza kama ana maji na sabuni. Kwa hiyo tafadhali msinyamaze. Bomba likiharibika, maji yakikosa harufu ya klorini kwa siku kadhaa, choo kikijaa, mwambieni mwakilishi wa kijiji chenu au mhamasishaji, mtaje mahali na siku. Tutaandika na kupeleka. Shida iliyoandikwa ina tarehe, na mtu anaweza kuulizwa juu yake.

MASWALI MNAYONIULIZA

Je, klorini inafanya wanawake wasizae?

Hapana. Swali hili naulizwa kila wiki, na si la kucheka, kwa sababu mtu anayeogopa maji ya bomba atakwenda kuteka mtoni. Klorini inayobaki katika maji ya kunywa ni kidogo sana, kama nusu ya miligramu katika lita moja. Miji mingi duniani hunywa maji ya klorini, Kigali ikiwamo, na wanazaa. Kama harufu inakusumbua, acha maji katika chombo safi kilichofunikwa kwa saa moja kabla ya kunywa.

Maji ya mto yakitulia usiku mzima na kuwa meupe, yanafaa?

Hapana. Udongo umetua, vijidudu vimebaki. Lakini kutulia ni hatua nzuri ya kwanza. Mimina maji ya juu polepole katika chombo kingine, chuja kwa kitambaa safi, kisha yachemshe au tia dawa ya maji kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, na ungoje nusu saa.

Kuni na mkaa hazitoshi kuchemsha. Nifanye nini?

Maji ya bomba yenye klorini hayahitaji kuchemshwa kama jerikani ni safi. Kwa maji mengine, tumia dawa. Ikikosekana, jaza maji meupe katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ilaze juani kwa saa sita tangu asubuhi. Kukiwa na mawingu mengi, iache siku mbili. Njia hii haifai kwa maji yenye tope.

Kinyesi cha mtoto mchanga kina hatari?

Ndiyo, sawasawa na cha mtu mzima. Wengi hufikiri ni kisafi kwa sababu mtoto ananyonya tu. Kitupwe chooni, na aliyemsafisha anawe kwa sabuni.

Maji ya mvua ya kwenye bati je?

Ni mazuri kwa kufulia na kuoshea. Kwa kunywa, acha mvua ya kwanza ioshe bati, maana juu yake kuna vumbi na mavi ya ndege, kisha uyatie dawa.

MTOTO AKIHARA

Usingoje siku ya pili kama tulivyongoja sisi. Mpe dawa ya maji ya chumvi inayotolewa kituoni. Kama huna, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza mlima. Koroga, mpe kidogo kidogo, kila mara anapohara. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Akihara maji kama ya kuoshea mchele, akihara damu, akitapika kila kitu, au macho yakizama, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Endelea kumnywesha njiani.

KWA KUMALIZIA

Nilipokuwa nikiondoka pale Nyabugogo nilimwona mzee mmoja akiwa na koleo, akitoa chupa kwenye mfereji mbele ya kibanda chake. Alitoa kumi hivi, na nyingine nyingi zikapita. Nilimsalimu, nikamwambia, "Mzee, unafanya kazi isiyoisha." Akanijibu kwa Kinyarwanda kwamba zile zilizopita si zake, lakini hizi za mbele ya mlango wake ni zake.

Nimerudi na maneno hayo. Nyabarongo hatuwezi kuusafisha kutoka kambini. Milima ya juu hatuilimi sisi. Lakini jerikani ni letu, kifuniko ni chetu, mfereji wa mbele ya nyumba ni wetu, na mto unaotoka kwetu kwenda kwa wengine unabeba kile tunachouachia. Basi leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja achukue tochi amulike ndani ya jerikani lake.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mkae salama.